Msingoje Afungwe Ndipo Mmwondoe

Kila mwaka mstaafu wa Tanzania anatakiwa ahakikiwe, yaani athibitishe kwamba bado yu hai. Siku hizi mwenye simu janja anaweza kujihakiki akiwa nyumbani. Asiye nayo, au ambaye alama za vidole zimefutika kwa miaka mingi ya chaki na jembe, atatafuta nauli, atafika ofisini na kitambulisho chake, atakaa kwenye benchi asubuhi nzima akingoja jina lake liitwe. Asipohakikiwa, pensheni inasitishwa. Hakuna anayemwonea haya. Utaratibu ndio huo, mzee wangu, ataambiwa, fedha za mfuko lazima zilindwe.

Sawa, zilindwe. Ila upande wa pili wa meza nani anahakikiwa? Wale wanaokaa kwenye bodi za wadhamini, wanaoidhinisha mabilioni haya yaende kwenye viwanja na mabilioni yale yaende kwenye mikopo, ni lini waliketi kwenye benchi lolote wakathibitisha kwamba wanafaa? Nani aliwauliza mbele ya wanachama kama waliwahi kufilisika, kama kampuni waliyoiongoza jana iliacha michango ya wafanyakazi haijapelekwa, kama wana hisa kwenye kampuni inayouuzia mfuko kiwanja? Pengine walijaza fomu. Fomu ikatiwa kwenye faili, faili likarudi kabatini, na sisi wenye fedha hatukuliona.

Ninachodai leo ni kitu kimoja, na ninakidai kwa sauti ya juu. Mdhamini asiyefaa aondolewe pale tu kutofaa kwake kunapoonekana. Asingojewe afikishwe mahakamani, asingojewe ahukumiwe, asingojewe amalize rufaa zake tatu huku akiendelea kusaini hundi. Akiondolewa, jina lake litangazwe, na marufuku hiyo imfuate kila bodi atakayojaribu kuingia, iwe ya pensheni, ya kampuni, ya ushirika au ya benki. Kushika fedha za uzee wa watu wengine si haki ya mtu yeyote. Ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuidai irudi bila kwanza kuthibitisha kwamba aliyeishika ni jambazi.

Kuna kisa kimoja ambacho kila waziri anayeteua bodi angepaswa kukijua kwa moyo. Kilitokea Uingereza, nchi ambayo sheria zake ndizo mama wa sheria zetu nyingi za udhamini. Mwaka 1971 wakaguzi walioteuliwa na serikali ya nchi hiyo walitoa ripoti ya uchunguzi wao juu ya kampuni ya uchapishaji ya Pergamon Press na mtu aliyekuwa ameiongoza, Robert Maxwell. Hawakumung'unya maneno. Walihitimisha kwamba, kwa maoni yao, huyu si mtu anayeweza kutegemewa kuisimamia ipasavyo kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Ripoti ilichapishwa. Magazeti yaliiandika. Kila aliyetaka kujua alijua.

Kisha hakikufanyika kitu. Hakuna aliyemzuia kuwa mkurugenzi. Hakuna aliyemzuia kuwa mdhamini. Kufikia mwaka 1974 alikuwa ameirudisha Pergamon mkononi mwake. Mwaka 1984 akalinunua kundi la magazeti la Mirror, na pamoja na magazeti hayo akapata mfuko wa pensheni wa wachapaji, madereva, makarani na waandishi waliokuwa wamekatwa mishahara kwa miaka mingi. Uwekezaji wa fedha zao aliuhamishia kwenye kampuni yake mwenyewe, Bishopsgate Investment Management. Taasisi ya udhibiti iliyoitwa IMRO ikaipa kampuni hiyo kibali cha kufanya kazi, ikijua ni ya nani. Tarehe 5 Novemba 1991 Maxwell alitoweka kutoka kwenye boti yake ya kifahari karibu na Visiwa vya Canary, maiti yake ikaopolewa baharini, na wiki chache baadaye wachunguzi wakagundua kwamba zaidi ya pauni milioni 400 hazimo kwenye mifuko ya pensheni. Hisa za wazee zilikuwa zimewekwa rehani kwenye mabenki ili kuzipa pumzi kampuni zake zilizokuwa zikikata roho. Wastaafu wapatao 32,000 wakaamka hawajui kama mwezi ujao watakula.

Miaka ishirini ilipita kati ya ripoti ile na wizi ule. Kwa miaka ishirini taifa zima lilikuwa limeandikiwa kwenye karatasi ya serikali kwamba mtu huyu haaminiki, na kwa miaka ishirini likamkabidhi fedha. Kila ninapoisoma habari hii damu inanichemka, kwa sababu huwezi kumlaumu Maxwell peke yake. Mwizi alifanya kazi ya mwizi. Waliopaswa kumfungia mlango waliuona mkono wake kwenye kitasa, wakautazama tu.

Na kuna mtu mmoja aliyeondolewa kweli. Huyu hasahauliki. Anaitwa Harry Templeton, mchapaji wa gazeti la Daily Record kule Glasgow na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliyekuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko huo. Kwenye vikao alimhoji Maxwell. Alimpinga juu ya matumizi ya ziada ya mfuko. Alisema mbele ya tajiri mwenye nguvu kuliko mawaziri kwamba fedha hizi ni za wanachama. Akafukuzwa kazi, na kwa kufukuzwa kazi akapoteza na nafasi yake kwenye bodi. Kwa hiyo msiniambie kwamba kumwondoa mdhamini ni jambo gumu, lenye milolongo, linalohitaji subira. Mwaminifu aliondolewa chapuchapu. Asiyefaa ndiye aliyehitaji subira.

Wapo watakaosema kwamba ninataka watu wahukumiwe bila kusikilizwa. Hoja hii naijua, na naijua ilikotoka. Maxwell mwenyewe aliitumia. Aliwashitaki wakaguzi wale akidai hawakumtendea haki ya asili kwa kuwa hawakumwonyesha mapema lawama walizokuwa wanakusudia kuziandika. Mahakama ya Rufani ikamkatalia mwaka 1974: walikuwa wamemhoji, walikuwa wamempa nafasi ya kujieleza, hawakuwa na wajibu wa kumpelekea rasimu ya hukumu yao aisahihishe. Kwa hiyo hoja ilijibiwa nusu karne iliyopita. Mtu asikilizwe, ndiyo. Apewe barua ya sababu, apewe siku za kujibu, awe na mahali pa kukata rufaa. Lakini wakati anajibu, kalamu iwe mezani, si mkononi mwake. Askari anapochunguzwa kwa kosa la bunduki, bunduki huchukuliwa kwanza, na hakuna anayesema amehukumiwa.

Tena kiwango cha ushahidi cha kumfunga mtu jela hakiwezi kuwa kiwango cha kumwondoa kwenye bodi. Tazama yaliyowapata wana wawili wa Maxwell, Kevin na Ian. Walishitakiwa kwa jinai, kesi ikasikilizwa kwa miezi mingi, na Januari 1996 baraza la wazee wa mahakama likasema hawana hatia. Imekwisha, na hukumu hiyo lazima iheshimiwe. Lakini miaka mitatu kabla yake, katika shauri la madai, Mahakama ya Rufani ilikuwa imemkuta Ian amevunja wajibu wake kama mkurugenzi wa Bishopsgate. Alifanya nini? Alitia saini fomu za kuhamisha hisa za mfuko kwenda kwenye kampuni ya familia, bila mfuko kulipwa chochote. Kisa cha kusaini, alieleza, ni kwamba ndugu yake alikuwa ameshasaini. Hakuuliza hisa ni za nani wala zinakwenda wapi. Majaji wakasema mkurugenzi hawezi kujificha nyuma ya saini ya mwenzake.

Sasa niambieni ukweli. Ni bodi ngapi hapa kwetu zinaendeshwa kwa saini ya namna hiyo? Karatasi inazungushwa mezani, mwenyekiti ameshasaini, katibu ameshasaini, chai imeletwa, posho ya kikao iko kwenye bahasha, na mjumbe wa tano anaweka jina lake chini ya ukurasa ambao hajaufungua. Mtu huyo si lazima awe mwizi. Huenda ni mwalimu mzuri, huenda ni diwani mcha Mungu. Lakini kwa kazi hii hafai, na kutofaa kwake kunatosha kumtoa. Sheria ya jinai haina la kumfanya. Mdhibiti analo, akitaka.

Waingereza walijifunza kwa maumivu. Sheria ya Pensheni ya mwaka 1995 iliyotokana na kashfa ile inamzuia moja kwa moja mtu aliyepatikana na hatia ya udanganyifu kuwa mdhamini, na aliyefilisika ambaye bado hajasafishwa, na aliyepigwa marufuku kuwa mkurugenzi wa kampuni. Mdhibiti anaweza kumsimamisha mdhamini uchunguzi ukiendelea. Anaweza kumpiga marufuku kwa kuwa tu hafai, hata kama hajashitakiwa popote. Daftari la waliopigwa marufuku liko wazi, raia yeyote anaweza kulisoma, na anayeendelea kufanya kazi ya udhamini huku amezuiwa anafanya jinai inayoweza kumpeleka jela hadi miaka miwili. Mdhamini aliyechaguliwa na wafanyakazi analindwa asifukuzwe kazi kwa sababu ya udhamini wake. Hiki cha mwisho ni haki ya akina Templeton, ingawa kwake yeye ilichelewa.

Na bado hata wao waliteleza. Machi 2015 mnyororo wa maduka ya BHS uliuzwa kwa pauni moja kwa kampuni iliyoongozwa na Dominic Chappell, mtu aliyekuwa amefilisika zaidi ya mara moja. Mwaka mmoja baadaye maduka yakafa, watu 11,000 wakapoteza kazi, na mfuko wa pensheni ukakutwa na pengo la pauni milioni 571. Chappell alikuja kuzuiwa kuwa mkurugenzi kwa miaka kumi, lakini hiyo ilikuwa mwaka 2019, maduka yameshageuzwa kuwa kitu kingine. Marufuku inayokuja baada ya mazishi ni karatasi tu. Ndiyo maana mwaka 2021 walitunga sheria nyingine inayoweza kumfunga hadi miaka saba anayehatarisha kwa makusudi mafao ya wanachama.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini, kulikuwa na mfuko uliotunza fedha za wajane na yatima wa wachimba migodi waliokufa. Uliitwa Living Hands. Zaidi ya randi bilioni moja za watu hao ziliishia mikononi mwa kampuni ya Fidentia ya J. Arthur Brown. Februari 2007 mdhibiti wa huko hakungoja hukumu. Alikwenda mahakamani, kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi, Brown akaondolewa kwenye usukani. Sasa fikirieni kama angengoja. Brown alihukumiwa mwaka 2013, tena alipigwa faini ya randi 150,000 tu, na ni mwisho wa 2014 ndipo Mahakama ya Juu ya Rufani ilipoifuta adhabu hiyo ya aibu na kumpa kifungo cha miaka 15. Kutoka 2007 hadi 2014 ni miaka saba. Yatima aliyekuwa darasa la tano angemaliza sekondari huku kesi bado inaahirishwa, na Brown yuko ofisini.

Turudi nyumbani, Afrika Mashariki. Kenya ina sheria, na lazima niseme ni sheria nzuri kuliko ya majirani wengi. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 iliunda mamlaka ya udhibiti, RBA, na ndani yake kuna kifungu cha 26 kinachoorodhesha wasioweza kuwa wadhamini. Yupo aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi. Yupo aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika. Yupo aliyeshiriki kuendesha mfuko uliofutiwa usajili kwa makosa ya uendeshaji. Na yupo aliyezuiwa na sheria nyingine yoyote, au ambaye Mamlaka inaona kuwepo kwake kuna madhara kwa mfuko.

Kisomeni kifungu hicho kama atakavyokisoma wakili wa mtuhumiwa. Miezi sita jela? Katika kesi ngapi za ufisadi Nairobi hukumu huwa ni faini, au kifungo kama faini haikulipwa? Tajiri analipa faini siku hiyohiyo, anatoka kwa mlango wa mbele, na wakili wake atasimama kudai kwamba mteja hakuwahi kufungwa. Mfuko uliofutiwa usajili? Mfuko unaweza kukamuliwa hadi ukabaki mifupa na usajili wake ukabaki palepale ukutani kwenye fremu. Ngazi tatu za kwanza zote zinangoja jambo jingine litangulie: hukumu ya hakimu, amri ya mahakama ya ufilisi, kufutwa kwa usajili. Ni ile ya nne pekee, ile ya Mamlaka kuona kwa macho yake na kusema huyu ana madhara, inayoweza kufunga mlango kabla ng'ombe hajatoka. Na hiyo ndiyo tunayosikia kwa nadra mno ikitumiwa kwa jina na kwa uwazi. Mamlaka huandika barua. Huonya. Hukutana na wadau hotelini Naivasha. Mwanachama wa kawaida hajui nani ameonywa.

Tazameni mfano mmoja. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, NSSF, uliweka fedha kwa dalali wa hisa aliyeitwa Discount Securities. Dalali huyo akaanguka, na zaidi ya shilingi bilioni moja za wafanyakazi zikaingia kwenye shimo hilo. Kesi ikaburutwa mahakamani kwa zaidi ya muongo mmoja. Katika muda kama huo mtu anaweza kukaa kwenye bodi nne tofauti, akastaafu kwa heshima na kupewa saa ya ukutani. Nani alikuwa akiangalia orodha ya wasiofaa? Hakukuwa na orodha ya kuangalia.

Kuna na hawa wengine, ambao kwa maoni yangu ndio wabaya zaidi kwa sababu wizi wao umezoeleka hadi hauitwi wizi. Nawasema wakurugenzi wa taasisi wanaomkata mfanyakazi mchango kila mwezi, wakauandika vizuri kabisa kwenye hati ya mshahara, kisha wasiupeleke. Vyuo vikuu vya umma vya Kenya vinadaiwa na mifuko ya wafanyakazi wao. Kaunti zinadaiwa, na madeni mengine zilirithi kutoka mabaraza ya zamani na kuyaacha yakue. Deni lote ni mabilioni kwa mabilioni. Mhadhiri anastaafu, anapeleka makaratasi yake, anaambiwa mfuko hauna fedha zake kwa kuwa mwajiri hakuleta. Fedha zilikatwa. Hati ya mshahara anayo, miezi 300 ya hati. Sheria inaruhusu mwajiri atozwe faini, na faini hiyo inalipwa na taasisi, yaani na fedha zilezile za umma, wakati aliyetoa amri ya kuitumia michango kulipia magari anahamishiwa kwenye shirika jingine, tena mara nyingi kwa cheo kikubwa zaidi.

Mtu huyo azuiwe. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 tayari inaipa mahakama uwezo wa kumpiga marufuku mkurugenzi. Kifungu cha 26 kinasema aliyezuiwa na sheria nyingine hawezi kuwa mdhamini. Unganisheni hizo mbili. Mkurugenzi aliyekata na asipeleke kwa miezi sita mfululizo apelekwe mahakamani azuiwe ukurugenzi, na kwa kuzuiwa huko afungiwe udhamini wowote, na daftari liwekwe kwenye tovuti ambako karani wa Eldoret anaweza kuandika jina na kuona jibu. Mifuko ya Kenya sasa ina zaidi ya shilingi trilioni 2. Trilioni mbili haziwezi kulindwa kwa barua za onyo zilizofungwa kwa muhuri wa siri.

Tanzania hali ni nzito zaidi, na hapa sitapunguza makali kwa sababu ni kwetu. Tulikuwa na mdhibiti. Sheria ya mwaka 2008 iliunda SSRA, mamlaka iliyotakiwa kusimama nje ya mifuko na kuitazama kwa jicho kali. Kisha ikafutwa, katika mageuzi yaleyale yaliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, mwaka 2018. Kazi zake zikagawanywa: masuala ya fedha yakaenda Benki Kuu, mengine yakaenda Ofisi ya Waziri Mkuu. Leo serikali ndiyo mwajiri mkubwa wa wanachama, serikali ndiyo inayoteua bodi, serikali ndiyo mkopaji mkubwa, na serikali hiyohiyo ndiyo inayoisimamia mifuko. Ni nani katika mzunguko huo atakayemwambia mdhamini kwamba hafai, wakati aliyemteua amekaa kwenye ofisi ya juu yake?

Miaka yote hiyo mifuko ilibebeshwa mizigo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa fedha za mifuko. Jengo la Machinga Complex pale karibu na Uwanja wa Karume, Dar es Salaam, lilijengwa kwa mkopo wa NSSF ya Tanzania, likafunguliwa mwaka 2010, na wamachinga waliojengewa wakakataa kupanda ghorofani ambako mteja hapiti. Yeyote aliyewahi kupita pale anakumbuka vizimba vitupu vya juu na watu wamejaa barabarani chini yake, huku riba ya mkopo ikihesabika usiku na mchana. Kigamboni, mradi wa nyumba za Dege ulisimama mwaka 2016, majengo yakabaki maganda, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameuandika kwenye ripoti zake. PSPF nayo ililipa mafao ya watumishi ambao hawakuchangia kabla ya mwaka 1999, kwa ahadi kwamba serikali itarudisha. Fedha zikachelewa mpaka serikali ikatoa hatifungani isiyo taslimu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipia sehemu ya deni hilo.

Sisemi kila aliyeidhinisha haya alikuwa mwovu. Wengine waliagizwa. Lakini mdhamini anayeagizwa akakubali ndiye hasa asiyefaa, kwa kuwa kazi yake yote ni kukataa. Na nauliza mbele ya kila msomaji: katika bodi zote zilizokaa, katika mikopo yote iliyochacha, ni mdhamini gani uliyewahi kusikia ametangazwa kwamba kuanzia leo haruhusiwi kushika fedha za hifadhi ya jamii? Nani alitajwa? Bodi huvunjwa, ndiyo. Waziri hutangaza, kamera huwaka, wiki mbili habari huisha. Kuvunjwa kwa bodi si sawa na mjumbe kupigwa marufuku. Mwaka ujao jina lilelile unaliona kwenye bodi nyingine.

Aliyeadhibiwa ni mwanachama. Mwaka 2018 walimwambia mstaafu kwamba mkupuo anaolipwa anapostaafu utakuwa asilimia 25 ya mafao yake. Nchi ikapiga kelele, Rais Magufuli akasitisha Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 likaja kokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, la asilimia 33, na waliokuwa wakipata asilimia 50 wakaona robo ya nyumba waliyoipanga, ada ya mtoto wa mwisho, matibabu ya mke, vyote vimeyeyuka kwenye hesabu. Mwaka 2024 serikali ikalegeza kidogo, wengine wakapandishwa hadi 40 na wengine 35. Sababu tuliyopewa ni uendelevu wa mifuko. Uendelevu! Mifuko ilidhoofishwa na nani? Na mwalimu wa Namtumbo? Na muuguzi wa Kibondo? Walikatwa mchango kila mwezi bila kukosa hata mmoja. Wao ndio waliopunguziwa. Aliyesaini hakupunguziwa hata posho ya kikao kimoja.

Wataniambia kwamba nikiwatisha wadhamini hivi, watu wema wataogopa kukaa kwenye bodi. Mtu mwema haogopi kuulizwa. Anayeogopa daftari la wazi ana sababu yake, na sababu hiyo ndiyo tunayoitafuta. Kama kuna wanaochukua nafasi kwa ajili ya posho na safari, acha waogope, wakae nyumbani, nafasi zao zichukuliwe na akina Templeton, na tuwawekee sheria isiyoruhusu mwajiri kuwafukuza kwa sababu waliuliza swali.

Kwa hiyo Tanzania irudishiwe mdhibiti wake aliye nje ya ofisi ya waziri, mwenye meno ya kusimamisha na kupiga marufuku. Kenya itumie meno ambayo tayari inayo. Na ninyi viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambao mna viti kwenye bodi hizi kwa jina letu, mkutano wa mwaka wa wanachama unapokuja msikae mbele mkipiga makofi taarifa ya mapato ikisomwa. Simameni mdai kila mdhamini ataje mbele ya ukumbi kampuni anazomiliki, bodi alizowahi kukaa, na kesi zinazomkabili, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Atakayekataa kujibu, jina lake liende kwa mdhibiti kwa barua kesho yake asubuhi, nakala kwa magazeti. Na kama anayekataa kujibu ni mjumbe wenu wenyewe mliyemtuma, anzeni na huyo.